Kila Mtu na Kokwa Yake

Asubuhi ya kwanza ya mafunzo, Agosti hii, hakuna aliyeuliza watu kama wamekula.

Walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ndani ya hangari ya zamani ya mpunga, upande wa Alunguli, mjini Kindu: walimu wa michezo, viongozi wa skauti, vijana wa msikiti, masista wawili wa parokia, kila mmoja na daftari jipya magotini. Ukungu wa mto Lualaba ulikuwa bado unaingia kwa madirisha yasiyo na vioo. Sala mbili zikasomwa, ya Wakristo na ya Waislamu. Wale waliowahi kuhudhuria miaka ya nyuma waligeuza macho kuelekea mlango wa nyuma, mahali ambapo mwanamke mfupi mwenye kitambaa cha kijani kichwani alizoea kusimama, akiwatazama mmoja mmoja bila haraka, halafu akauliza, "Mumelala? Mumekula?" Aliyejibu kwamba hajala alipewa muhogo kabla ya kupewa kalamu. Mara hii mlango ulikuwa wazi, na nje yake yalionekana majani tu, yenye umande.

Mwanamke huyo anaitwa Béatrice Amunazo. Alizaliwa Lubutu mwaka 1968, akaja Kindu kuolewa na fundi magari aliyeitwa Louis, akafundisha darasa la tatu katika shule moja ya Alunguli, akazaa watoto wawili ambao sasa ni watu wazima na wako Kisangani. Louis alifariki mwaka 2015 kwa homa. Hayo yote yangeweza kuandikwa juu ya wanawake mia wa mji huu. Lakini kila mtu anayepeleka vijana porini au mtoni katika sehemu hii ya Maniema, kama anajua kazi yake, kuna jambo alilolichukua kwa Béatrice, hata kama hajui jina lake.

Jambo hilo lilianzia vitani.

Mwaka 2002 mji ulizingirwa. Treni ilikuwa imekwisha kusahau njia ya Kindu. Wenye bunduki walikuwa mjini, na wenye bunduki wengine walikuwa porini, na katikati yao yalikuwepo mashamba ya watu, mihogo ikizeeka ardhini bila mtu wa kuing'oa. Chumvi iliuzwa kwa kijiko cha chai. Shule zikafungwa. Béatrice alikaa nyumbani wiki mbili akisikiliza watoto wa jirani wakilia njaa mpaka wakachoka kulia. Wiki ya tatu akasema kwamba yeye anazijua njia.

Alizijua kweli. Kabla ya vita, kila Jumapili baada ya misa, alikuwa akiwapeleka wasichana wa parokia porini. Aliwafundisha kuvuka kijito kwa kamba, kujenga kibanda cha majani mapana ya mangungu, kutambua kuni inayowaka ikiwa bado mbichi. Watu wazima walimcheka. "Mwalimu anapeleka watoto ya wenyewe kupotea," walisema. Sasa wale wale waliocheka walimfuata alfajiri, mmoja nyuma ya mwenzake, bila neno, hadi kwenye mashamba yao wenyewe, wakang'oa mihogo yao wenyewe kama wezi, wakarudi kabla jua halijapanda.

Alikuwa na amri moja tu. Akiinua mkono, kila mtu achuchumae pale alipo, na asiinuke mpaka yeye mwenyewe apite na kumgusa bega.

Siku moja ya Septemba alisikia matawi yakivunjika, akainua mkono. Wakachuchumaa kati ya mihogo muda mrefu, chungu wakiwapanda miguuni. Labda alikuwa nguruwe, labda alikuwa mtu, hakuna aliyejua. Kulipotulia alipita akigusa mabega, moja baada ya jingine, na msafara ukarudi Alunguli. Jua lilipokuwa linashuka, jirani yake, aliyezoea kumwita yaya, yaani dada, alikuja mlangoni, amejifunga kitenge mpaka shingoni kwa sababu ya homa.

"Yaya Béatrice, Fifi iko wapi?"

Fifi alikuwa na miaka tisa. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alikuwa amekwenda badala ya mama yake.

Béatrice hakuwa amewahesabu. Nyumbani kwao Lubutu mtu hahesabiwi. Mbuzi huhesabiwa, mikungu ya ndizi huhesabiwa, lakini mtoto aliyenyoosha kidole na kusema moja, mbili, tatu mbele ya watu waliokaa alipigwa mkono ule ule ulionyooka, kwa sababu kifo nacho kinasikia hesabu, na kilichohesabiwa kinaweza kupunguzwa. Mama yake alimpiga hivyo mara moja, na mara moja ilitosha. Alikuwa mwalimu, alifundisha hesabu kwenye ubao kila siku ya Mungu, na bado hakuwahi kuhesabu wanafunzi wake kwa kidole.

Njia zilikuwa zimefungwa hadi asubuhi. Kulipopambazuka akarudi peke yake. Akamkuta Fifi pale pale, amechuchumaa kati ya mashina mawili ya mihogo, nguo imelowa umande. Alikuwa amemenya muhogo mmoja kwa meno na kuula nusu. Hakuwa akilia.

"Kwa nini haukutufuata?"

"Haukuniguse, mwalimu."

Hapakuwa na lawama ndani ya sauti yake. Alikuwa anaeleza tu jinsi mambo yalivyokuwa. Béatrice akamgusa bega, na hapo ndipo mtoto akasimama.

Siku ile ile, nyuma ya jiko lake, Béatrice aliokota kokwa za mchikichi, zile ngumu zinazobaki mafuta yakishakamuliwa, akazisugua kwa mchanga mpaka zikang'aa. Safari iliyofuata aliweka kapu mahali njia inapoingia porini. Kila mtu akapewa kokwa yake na kuitia kapuni kwa mkono wake mwenyewe. Wakati wa kurudi kila mtu atatoa moja. Kokwa ikibaki, kuna mtu hajarudi, na hakuna anayeondoka. Hakuna namba iliyotajwa. Hakuna kidole kilichonyooshwa. Walikwenda hivyo mpaka njia zilipofunguliwa mwaka uliofuata, na kapu halikubaki na kokwa hata mara moja.

Vita vilipokwisha watu hawakutaka tena kusikia habari za pori. Ilichukua miaka. Polepole shule zilianza kuomba: watoto waliozaliwa wakati wa milio ya risasi waliogopa hata kijani cha majani, na wazazi wao waliogopa zaidi. Mwaka 2011 chama kidogo cha walezi wa vijana kikaanzisha mafunzo ya siku sita kila kiangazi, kwa ajili ya wale ambao huku wanaitwa encadreurs, watu wanaowatoa vijana darasani na kuwapeleka wakajifunze kwa miguu na kwa mikono. Siku tano ni za hangarini na mtoni: mafundo ya kamba, kusoma mkondo wa maji, kufunga jeraha, kuvaa na kuvalisha jile, lile koti la kuelea majini, namna ya kusema na mtoto anayetetemeka bila kumwambia asitetemeke. Siku ya sita ni ya pori. Hiyo ilikuwa ya Béatrice.

Siku ya pori hutoa brevet, yaani cheti, na sheria ya chama ni kwamba asiye na brevet ya pori hawezi kuifundisha. Walioipata kwa Béatrice walikuwa wengi, lakini wenye moyo wa kuifundisha walikuwa wawili tu, na wote wawili walikwenda machimboni Pangi. Mmoja aliandika mara moja, mwingine hajaandika.

Hapo ndipo mambo yalipomkwamia Béatrice. Mama yake alikuwa Lubutu, umri wake umepita miaka themanini, macho yakifungwa polepole kama duka la jioni. Kila baada ya wiki chache mjukuu mmoja wa huko alimshikia simu, na sauti ya bibi ikafika Alunguli ikiwa imejaa upepo: "Béatrice, nitakuona siku gani? Ao nitakusikia tu?" Béatrice alijibu "mwaka huu, mama" kwa miaka mitatu. Angeondoka, siku ya pori ingefutwa, na mafunzo yangebaki ya ubaoni. Hangeondoka, mama yake angezima macho kabla hajamwona. Alihitaji mtu mmoja. Mmoja tu, wa kuchukua siku moja kati ya sita.

Mwaka jana akaja Kasimu.

Kasimu alikuwa na miaka ishirini na tisa, mwalimu wa michezo, mrefu, mwenye mguu mwepesi porini kuliko wote waliopita. Lakini sifa yake kubwa mjini ilikuwa adabu. Hakukaa mzee akiwa amesimama. Alisalimia kwa mikono miwili, akainama kidogo. Mama zake wadogo walimtoa kuwa mfano kwa watoto wao mpaka watoto wakamchoka. Béatrice alimtazama siku tano, akampenda, na kwa sababu alimpenda akaogopa. Jioni ya siku ya tano alimwambia wazi.

"Kesho unaongoza weye. Ukiweza, mimi naenda kwa mama yangu. Usipoweza, nabaki. Sikuambie hivi juu uogope. Nakuambia juu ni kweli."

"Ndiyo, mama," alisema Kasimu, na usiku ule, mke wake alisimulia baadaye, alikunja na kukunjua kamba mpaka mke akaondoka chumbani.

Walikuwa na mtahini, Nathalie, mwanamke wa Goma mwenye miwani na viatu vizuri vya kupandia mlima, aliyekuja kila mwaka kutoa alama. Nathalie alimheshimu Béatrice lakini hakuliamini kapu. Yeye alikuwa na orodha ya majina, na kalamu ya kutia alama mbele ya kila jina. Walikwisha kubishana juu ya hilo mara nyingi.

"Mama Béatrice, karatasi haisahau."

"Karatasi inajua jina, Nathalie. Haijui kama muntu iko."

Mwisho walikubaliana kutumia vyote viwili, kapu na orodha, na kila mmoja akaona ameshinda.

Katika kundi la mwaka jana alikuwemo pia Papa Godefroid, miaka sitini na mitatu, aliyestaafu kazi ya reli, aliyetumwa na parokia kwa sababu hakuna kijana aliyejitokeza. Alikuwa na kofia ya majani makavu, magoti yanayolia, na hadithi ya treni kwa kila jambo. Ukimwonyesha fundo la kamba alikuambia namna walivyofunga mabehewa Kabalo. Ukimwonyesha nyoka alikuambia juu ya mkuu wa stesheni.

Siku ya sita Djuma, mpiga kasia wa chama, aliwapandisha mto kwa mtumbwi mkubwa, saa nzima, hadi mahali ambapo mashamba yanakwisha na pori linafika majini. Béatrice na Nathalie walikaa upande wa nyuma wa mtumbwi. Kasimu aliweka kapu chini, penye mzizi, kama Béatrice alivyoliweka siku zote, na watu wakapita wakitia kokwa. Papa Godefroid alipofika alianza kuinama. Goti lilitoa sauti iliyosikika na wote.

"Papa, niachie," alisema Kasimu, akaichukua kokwa mkononi mwa mzee na kumtilia.

"Mungu akubariki, mwalimu. Hii goti iliumizwa na treni ya Kongolo."

"Jana ilikuwa ni ya Kabalo, papa."

"Ni treni moja! Inatoka Kabalo inafika Kongolo. Vijana hamujue kitu."

Wakacheka. Béatrice, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kukaa mtumbwini na kunyamaza, hakuyaona hayo. Alikuwa amegeukia maji.

Pori lilikwenda vizuri. Nathalie, aliyetembea nao, alisema baadaye kwamba hakuwahi kuona mtu akiongoza kwa utulivu ule. Kasimu alitembea wa mwisho, si wa kwanza, kama alivyofundishwa, akimwacha mwingine atafute njia na kumsahihisha kwa mluzi mmoja. Walivuka kijito kwa kamba. Walijenga kibanda kisichovuja. Sista mmoja aliyeogopa siafu alitoka akiwaimbia siafu. Saa tisa walianza kurudi, wakiwa wamechoka ule uchovu mzuri unaomfanya mtu apende hata jasho lake.

Karibu na mto, Kasimu alipobaki nyuma kidogo kukunja kamba, Papa Godefroid aliona mti umejaa viwavi, wale wakubwa wa kula, wa kwanza wa msimu. Alisema "nakuja sasa hivi" kwa mtu aliyekuwa mbele yake, na mtu huyo akadhani anasema na mwingine.

Kwenye mzizi watu walitoa kokwa. Mwisho zilibaki mbili. Kasimu alizitazama akajua ni za nani: moja ni yake, nyingine ni ya mzee mwenye goti. Aliinama akazichukua zote, ili papa asiiname. Alifanya hivyo kama mtu anavyompokea mzee mzigo, bila kufikiri, kwa sababu adabu ikishakaa mwilini haiombi ruhusa. Kapu likawa tupu. Nathalie aliona kapu tupu, akatoa kalamu, akatia alama mbele ya kila jina, hadi la mwisho. Wakapanda mtumbwi. Djuma akasukuma.

Walikuwa wamefika katikati ya mto, mkondo ukiwabeba, watu wanaimba, Kasimu alipotia mkono mfukoni kutafuta leso ya kufuta uso. Vidole vyake vilikutana na kokwa mbili.

Alikaa kimya labda kwa muda wa kasia tatu. Mtu anayejua kilichokuwa mbele yake asimwone mbaya kwa kasia tatu hizo. Hakuna aliyekuwa ameona. Papa Godefroid alikuwa mtu mzima, mtoto wa nchi hii, njia ya miguu ilikuwepo, wavuvi walipita. Jioni angefika Alunguli na hadithi nyingine. Orodha ilikuwa imejaa. Mzee alikuwa ndani ya orodha, alikuwa ndani ya mfuko wa Kasimu, na hakuwa mtumbwini.

Kasimu akasimama, jambo ambalo alikuwa amewakataza wengine.

"Djuma, geuza. Nimeacha muntu."

Wimbo ukakatika. Akafungua kiganja, akaonyesha kokwa mbili, na uso wake, anasimulia Djuma, ulikuwa kama wa mtu aliyemwaga mchuzi wa sherehe. "Ni mimi. Nilimutolea Papa Godefroid. Nilimutolea na hakukuwa pale."

Nathalie alitazama karatasi yake muda mrefu. Kisha akaikunja polepole, akaitia ndani ya begi.

Walimkuta mzee amekaa kwenye mzizi kando ya kapu tupu, kofia mapajani, kofia imejaa viwavi wanaotambaa.

"Papa, utusamehe!" Kasimu alikuwa tayari ndani ya maji mpaka magotini.

"Nikusamehe nini? Nilingojaka treni pale gare wiki tatu, mutoto yangu. Wiki tatu! Mutumbwi wenu ulichelewa nusu saa." Akainuka akilaani goti. "Shika kofia. Na usivimalize njiani, ninajua vijana."

Hukumu ilitolewa jioni ile hangarini, mbele ya wote, kwa sababu Béatrice alikataa isemwe pembeni. Nathalie alisoma sheria: anayeacha mtu nyuma hapati brevet. Alisoma kwa sauti ndogo. Kisha akaongeza mwenyewe kwamba na yeye alikuwa ametia alama mbele ya jina la mtu asiyekuwepo, na kwamba hajui alama ya hilo inaandikwa wapi.

Kila mtu alimtazama Béatrice. Walijua juu ya mama yake. Wengi wao walikuwa wamewahi kumshikia simu akiongea naye.

"Mimi niliacha mutoto wa miaka tisa," alisema. "Nilijua siku gani? Nilijua mama yake alipokuja kunibishia mulango. Nilikuwa nimekwisha kuoga, nimekwisha kula. Huyu alijua katikati ya maji, na akasema. Ile ni kitu. Lakini sheria ni sheria, Nathalie amesema vizuri. Leo hakuweza."

Kasimu aliinamisha kichwa.

"Kesho arudilie," akaendelea Béatrice. "Watu wale wale. Kama kesho hakuweza, nitabaki, na hakuna muntu atasikia mimi nikilalamika. Papa Godefroid, utakuja kesho?"

"Viwavi vilibaki vingi," alisema Papa Godefroid. "Nitakuja."

Mtu mmoja nyuma akamwuliza Béatrice, mtumbwini pale hakuona kitu? Alisema aliona kwamba hakuna aliyekuwa anasimulia treni. Lilimkaa kichwani hilo. Alikuwa amejiwekea mpaka, mti mmoja ulioanguka kandokando ya mto. Wangefika pale bila Kasimu kusema, yeye angesema. "Mti ulikuwa karibu," alisema. "Niliona anatia mukono mufukoni, nikangojea kwanza."

Kesho yake, siku ya saba ambayo haikuwepo kwenye ratiba, walipanda tena mto. Mara hii Béatrice alishuka mtumbwini, akaja kusimama penye njia, mikono nyuma. Alitaka kuona. Aliogopa mambo mawili: kwamba Kasimu atamsaidia tena mzee kwa sababu mwili wake haujui njia nyingine, au kwamba atamwacha mzee ainame mbele ya watu na adabu ile nzuri ivunjike kwa ajili ya kapu lake. Miaka ishirini na miwili hakuwahi kulifikiria jambo hilo, kwa sababu vitani wazee wenye magoti mabovu hawakwenda mashambani. Walibaki nyumbani na njaa.

Kasimu alifika akiwa na kapu na kipande cha kamba. Hakuliweka chini. Alitafuta tawi, akapima kwa mwili wake, akaona ni juu mno, akamwita mzee.

"Papa, kuja usimame hapa."

"Unanipimia jeneza?"

"Ninapimia mukono yako, papa."

Akalitundika kapu mbele ya kifua cha Papa Godefroid, akafunga fundo alilojifunza siku ya kwanza, akalivuta kuona kama linashika. Mzee akainua kokwa yake juu ili wote waione, kama padri, akaitia. Hakuinama. Kasimu alisimama kando, viganja vyake vimeshikana nyuma ya mgongo kwa nguvu mpaka vidole vikabadilika rangi, lakini havikutoka pale.

Béatrice alilitazama kapu lile likining'inia. Kisha akaanza kucheka, akakaa chini kwenye mzizi, akacheka mpaka akatoa kitambaa kichwani kufuta macho.

"Kuna nini, mama?" aliuliza Nathalie.

"Miaka yote hii watu wanainama," alisema. "Watu wanainama, mimi ninatazama tu."

Walirudi kabla ya saa tisa. Papa Godefroid alitoa kokwa yake wa mwisho, kwa makusudi, akichukua muda mrefu kuchagua kana kwamba zilikuwa nyingi. Jioni walikaanga viwavi kwa mawese na pilipili, wakala na wali wa Kindu, na hata Nathalie, aliyekuwa amekataa miaka minne, alikula vitatu akaomba cha nne. Kasimu alipewa brevet yake mikononi mwa Béatrice. Aliipokea kwa mikono miwili, akainama kidogo. Béatrice hakumkataza.

Aliuza kuku wake, akawaachia majirani sufuria kubwa. Novemba, mvua zikiwa zimeanza, alipanda pikipiki ya mtu aliyekuwa anakwenda kaskazini, akapita Punia, akalala mara tatu njiani, mara moja kanisani kwa sababu daraja lilikuwa limelemewa na maji. Alifika Lubutu siku ya nne, amejaa matope hadi kwenye nyusi. Mama yake alikuwa ameketi barazani. Alimshika uso kwa mikono yote miwili, akamsogeza karibu kabisa na jicho la kushoto, lile lililobaki na mwanga kidogo, akamtazama.

"Umezeeka," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ni vizuri. Nimeona."

Sasa Béatrice Amunazo anaishi Lubutu, kwenye nyumba ya mama yake kando ya barabara ya Kisangani, na siku za Jumamosi anafundisha walimu sita wa huko kuvuka kijito kwa kamba.